Tupeane uzoefu: ulimfuata ndugu yako aliyeshikwa ukaambiwa "ni siri"?

Wakuu kwema? Mi niko Ujiji, Kigoma. Mwaka juzi mdogo wangu alibebwa usiku mwaloni akisubiri mitumbwi ya dagaa irudi, asubuhi tukazunguka vituo vitatu mimi na bi mkubwa, kila kaunta afande anafungua lile daftari kubwa anapitisha kidole anasema huyo hayumo. Siku ya pili mama akaona kandambili chini ya benchi, moja ya bluu moja nyekundu, hizo hakuna mwingine anavaa mjini hapa! Afande akasema mama usiingilie upelelezi. Sheria ya jinai kwa makosa ya kawaida inataka saa 24 mtu awe kafikishwa mahakamani au kapewa dhamana, huyu katoka siku ya nne, hana kesi, hana karatasi, mkono umevimba. Leteni na zenu.

— Mdau, Tabora
Mi walinilaza ndani kwa kuuliza hesabu za kisima cha mtaa, mkutano wa hadhara kabisa, mheshimiwa akasema huyu mchochezi saa 48 zinamtosha. Selo tunalala kwa zamu, ndoo moja pembeni, usiombe. Nimekuja kusoma baadae ile sheria ya tawala za mikoa ya 1997, kweli inawapa hiyo saa 48 wakuu wa mikoa na wilaya ila sababu lazima aiandike. Nikaenda kuomba nakala ya sababu yangu, nikajibiwa ni nyaraka ya siri. Siri ya kisima jamani 😂

— Mdau, Kasulu
Mgombea wetu kipindi cha kampeni ibara ya 13 ya katiba alikuwa anaimwaga kwenye kipaza kama sala, ni marufuku mtu kuteswa sijui nini. Kapita, tukamfuata kuhusu shemeji, oh nyie kamalizaneni na vyombo vya dola. Simu hashiki tena.

— Mdau, Tabora
Tusiwabebeshe askari wote lakini. Mi kuna afande alinipa simu yake nimwambie wife niko wapi, na vocha ya kwake. Ila huyo wa zamu ya asubuhi alitaka elfu hamsini "ya faili" huku kasimama chini ya bango DHAMANA NI BURE.

— Mleta mada
Hilo bango hata kwetu lipo mkuu. Zile kandambili mama kazifungia kabatini, hataki zivaliwe wala zitupwe. Watu wa Kibondo na Uvinza mbona kimya?