Albert Speer: alistahili miaka 20, au mahakama ilidanganyika?

Wakuu, salaam. Jana tulipokuwa tunajadili Vita Kuu ya Pili, mmoja wetu aliandika kwamba Albert Speer ndiye kiongozi pekee wa Kinazi aliyekuwa na dhamiri, na kwamba mahakama ya Nuremberg, ile iliyowahukumu vigogo wa Kinazi baada ya vita, ilimtendea haki ilipomfunga miaka 20 badala ya kumnyonga. Wengi wakaunga mkono. Mimi napinga, na naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Kwa asiyemfahamu: Speer alizaliwa Mannheim mwaka 1905, mtoto wa familia yenye uwezo, akasomea usanifu wa majengo. Alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1931. Hitler alimpenda kwa sababu wote wawili walikuwa na uchu wa majengo makubwa. Februari 1942 waziri wa silaha, Fritz Todt, alikufa katika ajali ya ndege, na Speer akakalia kiti chake kabla hajatimiza miaka 37. Kuanzia hapo viwanda vya vita vya Ujerumani vikawa mkononi mwake.

Viwanda vinataka watu, na wanaume wa Kijerumani walikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo Speer alipeleka maombi kwa Fritz Sauckel, mtu aliyepewa kazi ya kusaka vibarua, na Sauckel akawakamata watu Ukraine, Poland, Ufaransa na kwingineko, akawaleta kwa mabehewa. Ni mamilioni. Mahakama yenyewe iliandika katika hukumu kwamba Speer alijua, kila alipotoa maombi yake, kuwa yatajazwa na watu walioletwa kwa nguvu.

Sasa angalieni. Sauckel, baharia wa zamani, mtu wa maneno makali asiyejua kujieleza mbele ya majaji, alinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Speer, aliyeagiza, aliyekuwa na suti nzuri na sauti ya upole, akapata miaka 20. Aliyetumwa kaning'inizwa, aliyemtuma kapona. Hapo ndipo ninapokwama. Wala sisemi haya kwa sababu napenda kitanzi, maana mimi siungi mkono adhabu ya kifo kwa yeyote. Ninachotaka ni kipimo kimoja kwa watu wawili waliokuwa ncha mbili za kamba moja.

Watetezi wake wanasema alikiri. Ni kweli alisimama akasema viongozi wote wanabeba dhamana kwa pamoja, wakati Göring, kigogo mwenzake wa Kinazi kizimbani, akiwa bado anajitapa. Lakini sikilizeni alichokiri: alikiri mzigo wa jumla, ule wa kugawana na wenzake. Alipoulizwa mambo mahsusi, mauaji ya Wayahudi, jibu lilikuwa hakujua. Alirudia jibu hilo baada ya kutoka gereza la Spandau usiku wa manane wa Oktoba 1, 1966, akalirudia katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichouzwa mno, na akaendelea nalo karibu mpaka alipofariki London mwaka 1981.

Hakujua? Tarehe 6 Oktoba 1943, mjini Posen (leo Poznań, Poland), Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi za mateso, aliwaambia wazi vigogo wa chama kwamba Wayahudi wanauawa wote, wakiwemo wanawake na watoto. Speer alihutubia mkutano huo huo asubuhi yake. Miaka yote alishikilia kwamba alikuwa ameshaondoka Himmler alipoanza. Mwaka 2007 barua aliyomwandikia mtu binafsi mwaka 1971 ilipigwa mnada, na humo anasema bila kuzunguka kwamba alikuwepo na alisikia.

Halafu kuna Dora, kambi ya mateso karibu na mji wa Nordhausen, Ujerumani. Wafungwa walichimba mahandaki ndani ya mlima ili makombora ya V-2 yaundwe humo. Katika miezi ya mwanzo walilala humo humo, kwenye vitanda vya ghorofa, vumbi la mawe na mlio wa baruti havikomi, vyoo vyao vikiwa mapipa yaliyokatwa nusu. Wengine walikaa wiki nyingi bila kuona jua. Speer alifika Desemba 1943, akapita humo kwa miguu yake. Siku chache baadaye alimwandikia barua Kammler, jenerali wa SS aliyesimamia ujenzi, akimsifu kwa kugeuza mahandaki kuwa kiwanda ndani ya miezi miwili tu. Baadaye alidai aliagiza wajengewe mabanda, na huenda aliagiza. Lakini katika wafungwa wapatao 60,000 waliopitia kambi hiyo, karibu 20,000 walikufa.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Ndugu yangu uliyetaja amri ya Hitler ya Machi 1945, ile ya kubomoa kila kitu Ujerumani: uko sahihi, Speer aliizuia, tena kwa kuhatarisha maisha yake, na majaji walimhesabia hilo. Nami namhesabia. Ila aliokoa madaraja na viwanda vya Wajerumani vita ikiwa imeshapotea. Walioko Dora hakuwaombea kwa ujasiri huo.

Kwa dada aliyesema kukiri lazima kulipwe kwa kupunguziwa adhabu, la sivyo hakuna atakayekiri: hoja yako ni nzito, na sina jibu jepesi. Lakini tunao mfano wa karibu. Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, alikiri makosa mbele ya mahakama ya kimataifa pale Arusha mwaka 1998, na akafungwa maisha. Majaji waliona cheo chake kinazidi uzito wa kukiri kwake. Na yeye alikubali shtaka la mauaji ya kimbari lenyewe, kitu ambacho Speer hakukifanya.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaomtetea libaki hili: kama barua ya 1971 na ile aliyomwandikia Kammler zingekuwa mezani kwa majaji mwaka 1946, mngempa miaka mingapi?