Mrejesho: kompyuta ya gemu kwa laki tisa
Assalaam alaykum wakubwa. Mwezi uliopita niliwauliza: nina laki tisa, niunge kompyuta ya gemu kifaa kimoja kimoja, au ninunue iliyotumika ya ofisini niiongezee kadi ya picha (ile inayochora picha za gemu)? Wengi mlisema ya ofisini, nami nikafuata.

Nimepata Dell yenye prosesa ya Core i5-8500, kasha kubwa, si lile jembamba (ahsante ulienionya, kumbe lile kadi ya kawaida haiingii). Ramu (kumbukumbu ya muda) ilikuwa kijiti kimoja cha GB 8. Nikaongeza cha pili kinacholingana nacho, na gemu ya GTA V ikaacha kukwamakwama.

Nilipoteleza ni kwenye kadi. Mliniambia ninunue kadi ya GTX 1650, ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Mie kwa pupa nikaagiza Kariakoo bila ya kuuliza, ikaja huku Unguja yenye tundu la waya wa umeme la pini 6, na pawa saplai yangu (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) waya huo haina. Ikarudi kwa boti, nauli juu yangu, na wiki nzima nikabaki nakodolea kasha tu. Niliyobadilishiwa inakwenda vizuri kwenye ubora wa picha wa 1080p.

UPS (betri ya akiba) bado, fedha zimekwisha. Umeme ukikatika hapa Mwanakwerekwe, mechi ndiyo basi tena. Ahsanteni sana.