Naenda kuchukua boti mpya ya faiba Jumamosi hapa Mwanza, nikague nini kabla sijamalizia hela?

Mchuuzi wa Kome
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niende kwenye mada moja kwa moja. Mimi na ndugu zangu wawili tulichanga tukatengenezesha boti ya faiba futi 28 kwa fundi mmoja huku Ilemela, kazi yake ni kutoa dagaa kisiwani Kome kuleta soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na mashine tumenunua dukani Yamaha 40 mpya bado iko kwenye boksi. Jana fundi kapiga simu boti imeisha njoo na hela iliyobaki uchukue mzigo wako. Iliyobaki ni karibu theluthi ya bei. Sasa mimi nimekulia kwenye mitumbwi ya mbao, ile ukiangalia ubao na kalafati unajua hapa patavuja hapa pako salama, ila faiba ikishapigwa rangi inang'aa kote sioni kitu. Hela ni ya watu watatu na mmoja wetu kauza ng'ombe, sitaki tukajue ubovu tukiwa katikati ya maji. Nianzie wapi kukagua? Na nimlipe kwanza au tujaribu kwanza, maana yeye anasema utaratibu wake ni hela kwanza. Naombeni ushauri wenu.

Nyanza Boy
Nafuatilia uzi huu kwa karibu, na mimi nipo kwenye foleni ya kutengeneza.

Mati na Rasini
Mkuu hongera kwa chombo. Nimefanya kazi za faiba muda mrefu ngoja nikueleze vizuri. Kwanza nenda asubuhi kukiwa na mwanga, usikubali kukagua jioni wala chini ya kivuli. Simama mbele ya boti jicho likiwa sawa na ubavu wake uangalie urefu wote mpaka nyuma, mabonde na manundu utayaona yenyewe. Halafu chukua sarafu, gongagonga taratibu boti nzima, chini, ubavuni, na hasa kwenye kona na pale sakafu inapoungana na ubavu. Mahali penye mati (yale matabaka ya nyuzi za faiba) iliyoshikana mlio unakuwa mkali na ni ule ule kila unapogonga, ukifika sehemu mlio ukabadilika ukawa mzito umefifia, hapo ndani kuna hewa au matabaka hayajashikana, weka alama ya chaki uendelee. Usibishane naye hapo hapo, maliza kwanza boti yote.

Rangi ya nje isikudanganye, ingia ndani, chungulia chini ya mabenchi na pembe za mbele ambako mafundi wengi hawamalizii. Ukiona mabaka meupe na nyuzi kavu zinachomoza ujue rasini, ile gundi ya maji inayoshikanisha mati, haikuingia vizuri pale, na maji yatapita humo kidogo kidogo mpaka mati iishiwe nguvu. Pitisha mkono, kama bado pananata au boti inanuka rasini kali sana basi hadena (dawa ya kugandisha rasini) ilikuwa kidogo au haijakaa muda wa kutosha, na hapo usiishushe majini, iache siku kadhaa kwanza. Fundi anayeharakisha kukupa boti ambayo bado inanuka anakuuzia matatizo.

Mama Sangara
Hapo kwenye sarafu nakubali kabisa. Ila kaka angu sehemu inayoua boti ni pale nyuma mashine inapokaa. Ndani ya ule ukuta kuna mbao au plaiwudi imefungwa na faiba, sasa fundi akitoboa matundu ya bolti akapita bila kuziba na silikoni, maji yanaingia kwenye mbao, inaoza ndani huku nje pazuri, siku moja mashine inatikisika kwenye wimbi na ukuta unaachia. Mwambie atoe bolti moja mbele yako uone tundu ndani lilivyo. Akikataa jiulize kwanini.

Kapteni Mstaafu
Kijana, suala la hela kwanza likatae kwa heshima. Mwambie fundi hela hii hapa ipo, nitaiachia boti ikishajaribiwa majini. Kwetu hakuna chombo kipya kinachokabidhiwa juu ya nchi kavu. Kabla hata hamjaishusha, ikiwa bado juu ya stendi imepangwa vizuri, mwageni maji ndani kama ndoo kumi hivi, subiri, pita chini uone panapotoka unyevu. Ikivujia nje itavujia na ndani. Angalia na kile kizibo cha kutolea maji, kifunge ukifungue mwenyewe.

Mkishusha, nenda mapema kabla upepo wa ziwani haujaanza. Kaeni wawili mbele, halafu wawili nyuma, muone inakaaje. Baadae pakieni mifuko ya mchanga kufikia uzito wa mzigo wenu wa kawaida, maana boti tupu haikwambii ukweli wowote. Sisi wa Ukerewe tuliozika watu wa kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 2018 hatuna mzaha na habari ya uzito. Muulize amekadiria tani ngapi na akuandikie.

Chapa Kazi TZ
Wakuu mnamtisha bure jamaa, fundi akiona unamgongagonga boti yake na sarafu mnakosana na kesho unamhitaji kwa marekebisho. Lipa chukua chombo, kikileta shida unamrudishia.

Mama Sangara
Chapa Kazi hapana. Ukishalipa yote simu haipokelewi, hilo nimeliona kwa watu wengi tu. Fundi mzuri hakasiriki ukikagua, tena anakuonyesha mwenyewe.

Fundi Mashine Igombe
Niongezee upande wa mashine maana wengi wanasahau. Namba iliyopo kwenye kibati cha bano la mashine ilingane na ya kwenye risiti, na risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Pima urefu wa ukuta wa nyuma, mashine fupi inataka karibu inchi 15 na ndefu inchi 20, wakikosea hapo mashine itavuta hewa au itaburuza maji, kile kibati kipana juu ya panga linalozunguka majini kinatakiwa kiwe karibu usawa na chini kabisa ya boti kwa nje. USIIWASHE ikiwa hewani hata sekunde chache kuonyesha watu, ile raba ya pampu ya maji inaungua. Iwashe ikiwa majini na angalia maji yanatoka kwa nguvu pale pembeni kama mkojo, yasipotoka zima hapo hapo. Na soma kitabu chake habari ya oili, nyingi za aina hii masaa kumi ya mwanzo ni 25 kwa 1, yaani petroli lita 20 unaweka oili mililita 800, baada ya hapo unashuka 50 kwa 1 ambayo ni mililita 400. Masaa hayo usiivute mpaka mwisho. Jaribu gia ya mbele na nyuma, jaribu na kamba ya kuzimia, ivute uone inazima kweli.

Mati na Rasini
Na mkuu kila alama ya chaki piga picha, andikeni kwenye karatasi nini kitarekebishwa na lini, wote wawili mtie saini. Hela ya mwisho ifuate karatasi hiyo.

Mchuuzi wa Kome
Wakuu nimerudi na mrejesho, nashukuru sana. Tumeenda asubuhi na sarafu. Upande wa kushoto karibu na nyuma mlio ulibadilika sehemu kama ya sinia, na ndani chini ya benchi la mbele kulikuwa na nyuzi kavu. Fundi mwanzo alinuna, nikamuonyesha hela ipo mfukoni, akakubali kukata ile sehemu na kuweka mati upya. Bolti alitoa moja, tundu lilikuwa halijazibwa, Mama Sangara Mungu akubariki. Tumeandikiana, nimempa nusu ya kilichobaki, nyingine baada ya kujaribu majini na mchanga. Nimepita na ofisi ya TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, kuulizia ukaguzi na cheti, wamenipa orodha, jaketi okozi zipo kwenye hiyo orodha.

Fundi Mashine Igombe
Safi sana ng'wanawane. Ukimaliza safari ya kwanza kaza tena bolti za mashine, zinalegea, halafu fungua kidogo skrubu ya chini ya gia uangalie oili, ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji, irudishe dukani mapema kabla hujaenda nayo Kome.