Mrejesho: ile monita iliyokuwa inazima yenyewe

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu monita ya inchi 19, inawaka sekunde mbili halafu kioo cheusi ila taa ya pawa bado inawaka, nitengeneze au ninunue nyingine. Nilifanya mlivyosema, nikazima taa za chumbani nikamulika tochi ya simu karibu kabisa na kioo, na kweli picha ikaonekana kwa mbali mpaka saa ya pembeni nikaisoma, kwahiyo kioo kizima, shida ni mwanga wa nyuma unaomulika kioo. Jumamosi nikaifunga khanga nikapanda nayo daladala hadi Kariakoo, fundi akafungua mbele yangu, kapasita mbili (vile vidude vya kuhifadhi umeme) za bodi ya pawa zimevimba juu kama maandazi. Akaweka mpya, ujazo ule ule wa maikrofaradi 1000 ila za kuhimili volti 25 badala ya 16, akasema volti zikizidi haina shida zisipungue tu. Elfu 15 yote, wakati monita ya mtumba duka la jirani walitaka elfu 90. Leo siku ya tisa haijazima hata mara moja. Mkuu uliyesema nipime na tochi kwanza, asante sana aisee, maana fundi wa huku mtaani alishaniambia kioo kimekufa na hata hakuifungua.