Matangi yanalala nyuma ya nyumba zetu, tuanzie wapi?

Jirani wa Reli: Wakuu, naomba ushauri. Siku hizi treni za matangi zinaegeshwa usiku kucha nyuma ya nyumba zetu. Zina vibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, na mara mbili tumesikia harufu kali. Stesheni wametujibu kwamba hayatuhusu. Vijana wanataka tukakae relini kuzizuia. Mimi naogopa kuitwa mchochezi, ila kukaa kimya nako nashindwa.

Fundi Beringi: Kukaa relini futa kabisa, mkuu. Treni yenye mzigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita nzima kusimama. Anza na hivyo vibao. Namba ya chini, ya tarakimu nne, inataja mzigo: 1203 petroli, 1005 amonia, 1017 klorini. Ya juu inataja hatari yake. 33 ni kimiminika kinachoshika moto upesi sana. Ikitanguliwa na X, mzigo huo na maji havipatani, hata zimamoto hawaumwagii ovyo. Someni mkiwa mbali, msiingie kati ya mabehewa. Andikeni tarehe, saa na namba daftarini, na ratiba hiyo msiibandike mtandaoni.

Mzee wa Lori: Mnatishana bure. Mzigo huo ukitoka relini utaingia barabarani, tukutane nao kwenye foleni.

Fundi Beringi: Hapo sikupingi, mzee wangu, reli ni salama kuliko lori. Shida ni kuegesha. Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013, treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi iliachwa usiku kwenye mteremko bila mtu. Kichwa kikashika moto, wazimamoto wakaja, injini, ambayo ndiyo inayojaza upepo wa breki, ikazimwa. Upepo huo ukavuja taratibu, na breki za mkono zilizokazwa hazikutosha. Ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji. Walikufa watu 47. Kwa hiyo ulizeni: hapo kwenu nani anakaza breki za mkono, anakaza ngapi, na nani anabaki kulinda?

Mama Zamu: Nimefanya kazi zimamoto. Stesheni wakiwafungia mlango, nendeni kikosini na barua ya mtaa. Ulizeni kama wanajua kinachopita na kama kuna mpango wa kuhamisha watu. Kule Kanada, Novemba mwaka uleule, serikali iliziagiza kampuni za reli ziipe miji taarifa za mizigo hatari inayopita.

Harufu ikirudi, msisubiri kikao, pigeni simu ya dharura. Ondokeni kwa kukatisha upepo, mpande sehemu ya juu. Klorini ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni.

Jirani wa Reli: Asanteni sana. Nimeazima darubini: 33 juu, 1203 chini. Ila jirani anasema yanayolala hapa ni matupu, tusihangaike.

Mama Zamu: Tupu la nini? Petroli ikishushwa, mvuke unabaki, na ndio unaolipuka. Ndiyo maana kibao hakitolewi mpaka tangi lisafishwe. Mwambie asivutie sigara hapo.