Mpiganaji wa leveli ya 9 amebaki mtazamaji, nimpe nguvu za toleo la nne?

MezaYetu: Wakuu naombeni ushauri. Tunacheza D&D 3.5 (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 3.5), tumefika leveli ya 9 na mchezaji wangu wa mpiganaji ameanza kukata tamaa. Zamu yake ikifika na adui yuko mbali, anasogea, anarusha dadu mara moja, basi, maana shambulio la pili analipata tu adui akiwa karibu naye na yeye hajasogea alipo. Mwenzake mchawi anapaa, anatoweka, akitaka anahamisha kundi zima kufumba na kufumbua. Nataka nichukue zile nguvu za toleo la nne, za kila zamu, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku, nimbandikie. Itafaa?

Babu_Dadu: Usibandike mkuu. Zile za 2008 zilipigiwa hesabu pamoja, klasi zote (aina za wahusika) zilikuwa na ratiba moja ya nguvu, ukichomoa za mmoja hesabu inavurugika. Halafu tatizo ni mchawi kuachiwa breki. Enzi za AD&D (matoleo ya zamani ya mchezo huu) ukimgonga mchawi katikati ya kutamka, uchawi umepotea hapohapo, na mpiganaji wa leveli za juu alikuwa anaokoka na uchawi vizuri kuliko karibu wote, haijalishi anayemrushia ni mkali kiasi gani. Toleo la tatu la 2000 likaja, ugumu wa kukwepa ukaanza kufuata akili ya mchawi na leveli ya uchawi wenyewe, mpiganaji akabaki na kinga dhaifu dhidi ya kutekwa akili!! Inaniuma mpaka leo.

Kisu_Butu: Dawa iko ndani ya 3.5 yenyewe. Tafuta kitabu cha Tome of Battle cha 2006, abadilishe awe warblade, klasi ya mpiganaji wa mbinu. Mapigo yake mengi yanakula kitendo kimoja tu, kwa hiyo anatembea na bado anatoa pigo zito, na yakimwishia anayarudisha katikati ya pambano, hasubiri kulala.

Nuru77: Muulizeni mwenyewe kwanza jamani. Wapo wanaopenda kurusha dadu na kupiga tu, bila kushika orodha ya mbinu. Ndo maana 2014 toleo la tano liliweka aina mbili za mpiganaji, Champion kwa hao na Battle Master kwa wapenda mbinu, na sheria za 2024 zikaongeza ufundi wa silaha, upanga mkubwa hata ukikosa unaumiza kidogo.

MezaYetu: Nimemuuliza, mbinu anazitaka sana, tunaenda na warblade. Mchawi je, nimpunguze?

Babu_Dadu: Usimguse, atahisi anaadhibiwa. Angalia wanalala mara ngapi. Akimaliza uchawi kwenye pambano moja kisha kundi linalala na uchawi ukamrudia, hata warblade hatasikika. Wape mapambano matatu manne kwa siku, na sababu ya kuharakisha, mateka anahamishwa alfajiri kwa mfano, ili aanze kuubania uchawi wake.