Fiktion imetiwa alama ya 81.3, na bi mkubwa amelazwa Lindi

Mwana wa Ng'apa, Stuttgart
Asalaam alaikum wana Kusini. 18d yangu, kibali cha ukaazi cha watafiti hapa Ujerumani, imeisha tarehe 30. Maombi nilipeleka wiki saba kabla, yakiwa na mkataba wa kupokelewa, bima na barua ya profesa. Jana ofisi ya wageni wamenipa Fiktion, cheti cha muda cha kusubiria kibali kipya. Nimeifungua kwenye tramu, naona alama iko kwenye aya ya 3 ya kifungu cha 81, siyo ya 4. Nimepiga simu mara 11, haipokelewi. Bi mkubwa amelazwa hospitali ya Sokoine, presha. Tikiti ni ya tarehe 12, na miadi ya karibu ni wiki sita mbele. Kuna aliyewahi kubadilishiwa alama kwa baruapepe tu?

Binti Mikindani, Hamburg
Pole sana kaka, Mungu ampe mama shifaa. Usitoke na karatasi hiyo. Aya ya 3 inakuruhusu kukaa, ukishavuka mpaka hairudishi mtu. Yangu ilikuwa ya 4, nikaenda Mtwara kwenye arobaini ya baba, nikarudi na kadi iliyoisha pamoja na Fiktion. Hata hivyo pale Dar kaunta ya ndege walinishikilia muda mrefu wakiigeuzageuza.

Mmwera wa Nachingwea, Dresden
Kwani bado uko 18d kwa nini? Una PhD, unalipwa daraja la mshahara la E13, hamia kadi ya bluu, kibali cha wasomi wenye ajira. Mimi baada ya miezi 33 nikapata makazi ya kudumu.

Binti Mikindani
Miezi 33 ni sheria ya zamani. Tangu Novemba 2023 ni 27 kwa Kijerumani cha A1, 21 kwa B1. Tusipotoshane, mtu ana mgonjwa.

Mmwera wa Nachingwea
Nimesema yaliyonipata mimi, dada.

Mwana wa Ng'apa
Ndugu zangu, mkataba huu ni wa miezi kumi, na ni wa tano tangu nimalize PhD. Kila ukiisha, ofisi ile inaanza upya kana kwamba nimeshuka leo kwenye ndege. Kazi yenyewe haiendi kwa miezi kumi. Nahesabu maganda membamba ya zege, kuba na mapaa, yanavyokunjika ghafla. Unaligawa ganda kwa elementi finiti, yaani vipande vidogo vya kuhesabia, maelfu kwa maelfu, unaongeza mzigo kidogo kidogo, hadi matriksi ya ukakamavu, jedwali la namba za ugumu wa ganda, inafika mahali haina kinyume. Hapo ndipo ganda linaposalimu amri. Dosari ya milimita chache kwenye umbo inashusha mzigo huo vibaya sana, kwa hiyo hesabu moja hairudiwi mara moja, hurudiwa mamia ya mara. Bila hizo hakuna makala, na bila makala hakuna mkataba wa sita.

Kaka wa Newala, Delft
Na saa ya miaka sita baada ya PhD, ya sheria ya mikataba ya vyuo vya Ujerumani, inakwenda. Ikijaa, chuo hakiwezi kukuajiri tena kwa muda maalumu.

Mmwera wa Nachingwea
Kila mtoto unayemlea anaongeza miwili. Na fedha za mradi kutoka nje ya chuo ni hesabu nyingine. Soma sheria yote, kaka.

Kaka wa Newala
Nimeisoma yote, niliishi chini yake. Argyris aliyeijenga fani hii ya elementi finiti hapo Stuttgart tangu 1959 alikuwa Mgiriki, mgeni kama sisi. Kinachoniuma ni kwetu. Nimelala Ndundu, kivuko cha Rufiji, na marehemu babu kusubiri pantoni, hadi 2003 tukapata Daraja la Mkapa, mita 970. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara pale Somanga, Kusini yote ikakaa upande wake. Wanaojua kuhesabu daraja na makalavati tupo huku tunahesabiwa miezi.

Binti Mikindani
Na ukichukua pasi ya huku, ya kwetu unaipoteza. Ujerumani wameruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, sisi bado. Juzi niliwapeleka wanangu Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi, mita 13 kwenda juu. Mdogo akauliza anarudi lini Lindi. Nilishindwa kumjibu, nikatoka nje nikalia.

Mmwera wa Nachingwea
Babu yangu alikuwa akituonyesha njia waliyopita wapagazi na mifupa ile vichwani hadi bandarini.

Kaka wa Newala
Siku moja mtu aihesabu kuba ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa elementi finiti. Matumbawe na chokaa, ya karne nyingi zilizopita.

Mwana wa Ng'apa
Hiyo ninaitaka sana kaka, nina vipimo vya mwanzo. Mama ametoka wodini leo. Dada kampiga picha barazani, amejifunga kanga niliyomtumia Idi. Tikiti nimeisogeza hadi tarehe 26. Alama bado ni ya 3. Aliyebadilishiwa kwa baruapepe, tafadhali aniandikie.